Gashe Alehegn Bitew, Mkereza Diski, na Maji Yaliyomwagwa Darajani

Jumatatu ijayo, tarehe thelathini ya mwezi wa Sene, Gashe Alehegn Bitew ataning'iniza ovaroli lake kwenye msumari wa karakana yetu ya Dejen kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita na miezi minne. Mvua itakuwa inanyesha, hilo sihitaji redio iniambie. Chakula kitakuwa mchuzi wa shiro na kabichi, kwa sababu siku yake imeangukia katikati ya mfungo wa Mitume, na ng'ombe wote wa Dejen wanamshukuru kwa hilo.

Kazi ya kuandika ukurasa huu wa ratiba ya kumuaga nimepewa mimi, Yeshambel Tiruneh, dereva wa basi namba kumi na saba. Meneja aliniita akaniambia, "Andika wewe, una mdomo. Tia vichekesho, watu wasije wakalia." Hakukosea mtu. Nimeendesha gari mpaka Metema, mpaka Moyale, mpaka Djibouti penye joto la kuivisha yai mfukoni. Nimelala Khartoum siku tatu, nikatukana kwa Kiarabu, na nikaeleweka. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana. Kuchekesha naweza. Lakini ndani ya faili la Gashe kuna karatasi moja inayosema kwamba mtu alikufa kwa sababu ya mkono wake. Jumatatu jioni faili hilo linafungwa na kupelekwa Addis Ababa, na likishafungwa hakuna atakayelifungua tena. Kwa hiyo nitachekesha mpaka nifike kwenye karatasi hiyo, halafu tutaona.

Gashe aliingia karakana hii akiwa kijana mwembamba kutoka Bichena, akakabidhiwa ufagio. Kwenye kona palikuwa na mashine ya kukerezea vyuma, kuukuu, iliyoachwa na Wataliano, ambayo hakuna aliyejua kuiwasha bila kuitukana kwanza. Yeye alianza kwa kuifuta vumbi. Baada ya mwaka alikuwa anaikerezea dramu za breki, na mabasi ya diski yalipokuja, miaka kumi na mitano iliyopita, akawa ndiye mkereza diski pekee kati ya Debre Markos na bonde la mto Abay. Tangu hapo hakuna basi letu lililoshuka bondeni bila diski zake kupita mikononi mwake.

Kwa walioko ofisini, ambao hujua breki ni kile kitu dereva anachokanyaga: diski ni sahani nzito ya chuma inayozunguka na gurudumu, na pedi zinaibana ili gari lisimame. Ikitumika sana uso wake unakuwa na makovu na mawimbi, usukani unatetemeka, na abiria anamwaga soda yake. Hapo fundi ana njia mbili. Aikereze, yaani aunyoe uso mpaka uwe sawa, au aitupe na kufunga mpya. Kila anaponyoa anaipunguza unene, na diski nyembamba inachemka upesi kama sufuria jepesi. Diski zetu zikiwa mpya zina milimita arobaini na tano. Zikifika thelathini na saba, kazi yao imekwisha hapa duniani.

Wengine huishia hapo. Wanapima, wanaona thelathini na nane, wanakereza, wanakunywa kahawa. Gashe alikuwa hapimi ilivyo leo. Alikuwa anapima itakavyokuwa siku itakaporudi. "Ukiitoa hapa na thelathini na saba na nusu," alituambia, "umeniambia mimi kwamba ni nzima, lakini pale kwenye kona ya tatu wiki ijayo itakuwa inakuambia nini wewe?" Kwa hiyo mpaka wake ulikuwa thelathini na nane na nusu baada ya kunyoa. Pungufu ya hapo, mpya. Ikiwa na mipasuko ya unywele inayofika ukingoni, mpya, hata iwe nene kama msahafu. Ikiwa na madoa ya bluu ya kuungua, aliigonga kwa spana na kuisikiliza, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa, halafu ndipo aliamua. Na akiikataa ya kulia, ya kushoto nayo ilitoka. Aliyoikereza aliipigia nukta moja ukingoni kwa chuma cha ncha kali. Sijawahi kuona diski yenye nukta tatu. Zilizokataliwa alizivunja mwenyewe kwa nyundo kubwa, ili asitokee mjanja wa kuziokota na kuzirudisha barabarani.

Msidhani alipenda kukereza kuliko kubadilisha. Wakati fulani dereva wetu mmoja, jina simtaji, ni mimi, alikuja akipiga kelele kwamba usukani unatetemeka na anataka diski mpya, leo hii, la sivyo hatoki. Gashe akainua gari kwa jeki, akatoa diski, akachukua brashi ya waya na kusugua kutu kwenye bamba la nyuma ambalo diski inalikalia. Nusu saa. Akafunga diski ileile.

"Hujakereza, hujabadilisha," nikamwambia. "Umefanya nini sasa, umeiombea?"

"Nimekuoshea uso," akasema. "Nenda."

Usukani ulitulia kama maji kwenye bakuli. Siku nzima madereva waliniuliza kama na mimi ningependa kusuguliwa kutu.

Kipimio chake kilikaa mfuko wa shati, upande wa moyo, ndani ya soksi ya mtoto. Kwenye harusi ya binti yake alikunywa pombe ya tella vikombe viwili, akakitoa na kupima injera mbele ya wakwe. "Milimita nne. Bado inafaa." Mkewe, Mungu amlaze pema, alicheka mpaka akakalishwa chini. Alifariki mwaka uliofuata, na tangu hapo sijamwona Gashe akipima kitu kisicho cha chuma.

Sasa nimefika.

Wote mnajua ajali ya miaka tisa iliyopita, kwenye kona ya tatu chini ya Dejen. Mnajua gari lilikuwa langu, namba kumi na saba ile ya zamani. Diski ya mbele ya kulia ilipasuka vipande tukiwa tunashuka. Gari lilivuta kushoto na mimi nikaliachia libamize mwamba, kwa kuwa upande wa pili hapakuwa na kitu isipokuwa hewa. Abiria arobaini na mmoja walitoka wazima, mmoja na mkono uliovunjika. Mlango wa kulia ulifunguka. Sewnet, mkata tiketi wangu, alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango kama kawaida yake, akiwaimbia abiria. Tulimkuta mita thelathini chini.

Ikaja kamati kutoka Addis, watu watatu wenye makoti. Waliweka vipande vya diski mezani, vikiwa na nukta moja ya Gashe ukingoni, wakauliza, "Nani alikereza hii?"

"Mimi," akasema Gashe. "Wiki mbili zilizopita."

"Kwa nini hukubadilisha?"

"Ilibaki na thelathini na tisa kamili. Haikuwa na mpasuko."

Waliipima wenyewe, ikatoka karibu hivyohivyo. Lakini mtu amekufa, na lazima karatasi iwe na jina. Wakaandika kwamba diski ile ilistahili kubadilishwa na fundi akaamua kuikereza. Gashe akavuliwa ukuu wa karakana. Tangu siku hiyo, kila diski aliyoigusa ilipaswa kupimwa upya na kusainiwa na fundi mwingine, nao ni watoto aliowafundisha yeye kushika spana. Walikuwa wakisaini bila kumtazama usoni. Yeye aliwashikia karatasi isipeperuke.

Na kuna jambo la kahawa. Mjane wa Sewnet, Etiye Yitayish, ndiye anayetupikia kahawa hapa karakana, na tuko kumi na wawili. Tangu mazishi, sinia lake limekuwa na vikombe kumi na kimoja. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, anampita Gashe kama anavyopita nguzo. Hakuwahi kumtukana. Gashe naye hakuwahi kuondoka kwenye duara. Alikaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, mpaka mzunguko wa tatu umalizike, halafu alinyanyuka na kusema, "Mungu akupe nguvu, Etiye," akarudi kwenye mashine. Miaka tisa, siku za kazi zote.

Wenzangu, mnayakumbuka maji ya baraka. Zamani zile kila dereva alibeba dumu la manjano kutoka chemchemi ya kanisa la Mikaeli. Tukishuka bonde salama tulisimama kabla ya daraja, tukateremka, tukamwagia magurudumu maji kushukuru. Diski zilikuwa za moto wa kuoka mkate. Maji yalilia shhh, mvuke ukapanda mpaka madirishani, na akina mama ndani ya gari wakapiga vigelegele, kwa sababu walijua lile ni balaa la njiani linatoka. Mvuke ukiwa mkubwa, baraka imekuwa kubwa. Na mvuke mkubwa kuliko wote ulikuwa wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshuka kwa mbio, mguu juu ya breki, badala ya kuiachia gea ndogo ilishike gari. Nilijisifu kwa hilo. Nilisema malaika ananijua kwa jina.

Siku ya Jumanne, kabla ya ajali, nilishuka kutoka Goha Tsion nikiyapita malori tisa. Niliyahesabu kwa sauti, na abiria wakahesabu pamoja nami. Darajani magurudumu yalikuwa yanatoa moshi. Nilimwaga dumu zima kwenye gurudumu la mbele la kulia. Lililia "ting", kama kikombe kinachopasuka kwenye maji ya moto. Sewnet alisikia. Akasema, "Yeshambel, hiyo nini?" Nikamwambia, "Shetani anavunjika mguu, panda twende." Akacheka, akapanda. Tulipanda bonde hadi Dejen, tukaenda Debre Markos, tukalala. Kwenye kupanda breki haina kazi. Jumatano tukarudi, tukaanza kushuka, na kona ya tatu mnaijua.

Maji ya Jumanne ndiyo yaliyoua Jumatano, na ndiyo maana hakuna aliyeyaunganisha. Isipokuwa mmoja.

Mwezi mmoja baada ya ajali, Gashe alinikuta nikifuta kioo cha gari jipya. Mvua ilikuwa hii hii.

"Uliyamwaga darajani," akasema.

"Yapi, Gashe?"

"Usinichezee, mwanangu. Maji yale yana chokaa. Yamekauka kwenye kipande cha diski, meupe, kama jasho kwenye shati jeusi. Na mpasuko umeanzia palepale."

Nilishikilia kitambaa. Nikauliza, "Mbona hukuwaambia?"

"Waliniuliza nani alikereza. Nikawajibu. Nani alimwaga, hawakuuliza." Akatazama watoto wangu watatu kwenye picha iliyobandikwa juu ya kioo. "Hilo ukiulizwa utajibu wewe. Mimi sitakujibia, wala sitakuzuia. Ila kuanzia kesho gari lako lipewe maji asubuhi, likiwa baridi."

Hakurudia tena kulisema. Mimi sikuulizwa, na sikujibu. Kwanza niliogopa jela. Halafu niliogopa Etiye Yitayish. Halafu, niseme ukweli, nikazoea, na nikawa mchekeshaji zaidi ya nilivyokuwa, kwa sababu mtu anayechekesha haulizwi kitu. Vichekesho vyangu vyote vya miaka tisa, vile mnavyovirudia harusini, vilitoka hapo.

Gashe alikwenda kwa Abba Kinfe, kasisi wa Mikaeli, akamweleza habari ya chuma cha moto na maji baridi kwa mfano wa jungu. Abba alielewa upesi kuliko madereva. Tangu hapo kila tarehe kumi na mbili ya mwezi, siku ya Mikaeli, alfajiri, Abba anakuja uani na msalaba wake na ndoo yake, anabariki magurudumu yakiwa baridi kama miguu ya maiti, na kule darajani hatumwagi tena. Tulimcheka mwanzoni. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Katika miaka tisa hiyo hakuna diski hata moja iliyopasuka katika karakana hii. Taarifa za mwaka zinasema sababu ni ile saini ya pili. Sababu ni ndoo ya Abba Kinfe, na aliyeisogeza kutoka darajani hadi uani ni Alehegn Bitew. Katika kazi zake zote hii ndiyo kubwa, na haimo kwenye faili.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa Etiye Yitayish kabla wengine hawajafika. Alikuwa anakaanga buni. Nilimwambia yote kama nilivyoandika hapa, malori tisa, dumu, na ile "ting" aliyoisikia mumewe. Hakuacha kukoroga.

"Miaka tisa," akasema.

"Miaka tisa, Etiye."

"Na ulikuwa unakunywa."

"Nilikuwa nakunywa."

Buni ziliungua. Yeye ambaye hajawahi kuunguza buni alizitazama zikiwa makaa, akazimwaga nje kwenye mvua, akaanza kuosha nyingine. Nami nikaondoka.

Barua yangu iko mezani kwa meneja tangu leo asubuhi, imetiwa saini, pamoja na ufunguo wa namba kumi na saba. Nimeomba ikae juu ya ile karatasi ya kamati kabla faili halijafungwa. Watakaloamua juu yangu ni lao, na polisi wa Dejen wanajua ninapokaa, tumekula nao. Ukurasa huu nimeupeleka mwenyewe kwa mchapaji, ili ikitokea barua ikapotea chini ya karatasi nyingine, basi ratiba mia moja na hamsini za Jumatatu zisipotee. Gashe hajui. Angejua angeniambia nifikirie watoto. Watoto wamekuwa wakubwa, Gashe. Mkubwa ni dereva. Anashuka kwa gea ndogo.

Mashine ya Wataliano inaondoka mwezi ujao kama chuma chakavu, kwa kuwa kuanzia mwaka mpya hatutakereza tena. Tutabadilisha tu. Huenda ni vizuri, diski mpya ni nene. Lakini atakayezifunga akumbuke brashi ya waya, akumbuke kufunga zote mbili, na asipime ilivyo leo.

Tunakushukuru, Gashe, kwa kila kona tuliyoikata bila kujua kwamba ulishaikata wewe kwanza kichwani mwako. Unarudi Bichena kwenye nyumba isiyo na mke, na mvua, na magoti yanayouma, sitadanganya kwamba ni sherehe. Tunakuombea usingizi mzuri, wajukuu wasumbufu, na siku nyingi za kutopima kitu chochote.

Jana alasiri, kahawa ilipoletwa, sinia lilikuwa na vikombe kumi na kimoja kama siku zote. Kimoja kiliwekwa mbele ya kigoda chako. Ulikitazama kwa muda mrefu, ukamtazama Etiye, naye akamimina. Ulidhani amekosea kuhesabu, nikaona ukitaka kumwambia. Hakukosea, Gashe. Kilichokosekana kilikuwa changu.

Kinywe mizunguko yote mitatu. Uende na afya, na jina lako uende nalo.